Mto Ukipita Mtaani Kwenu: Jinsi ya Kupanga Hatua za Kupunguza Madhara ya Mafuriko

Kila mwaka ikifika katikati ya Februari simu yangu haikai kimya. "Kaka, masika hayo yanaingia, tuanzie wapi?" Huyu yuko Tabata, yule Kigogo, mwingine Tandale. Maswali ni yale yale, na wengi wanaouliza wameshachangishana fedha za jambo moja tu: ukuta. Fundi ameshaitwa, mawe yameshashushwa, wanachotaka kwangu ni kuambiwa ukuta uende juu kiasi gani.

Mimi nakaa kando ya kijito kinachomwaga maji yake mto Msimbazi, Dar es Salaam. Nimeshika daftari la kamati ya mtaa misimu kadhaa sasa, na ukuta wetu wa kwanza ulilala mtoni kabla Aprili haijaisha, pamoja na michango ya kaya 60. Ndiyo maana nasema ukuta uwe wa mwisho kwenye orodha. Ukianza nao utajenga mahali pasipo pake, na maji utakayoyazuia yataingia kwa jirani wa ng'ambo.

Mwongozo huu ni wa kamati ya mtaa au kikundi cha majirani. Haukusudii kuyazuia mafuriko, maana hilo haliwezekani kwa machepeo na michango. Unakusudia maji yakija yapite haraka, yakute watu wameshatoka, na yaondoke bila vitu vyenu.

Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Kaunta buku moja, na mtu mmoja wa kuliandika. Daftari likizungukazunguka hupotea.
- Futi ndefu ya kupimia, ya mita 30 au 50.
- Mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ule wa mafundi waashi wa kupimia usawa. Mita 20 zinatosha.
- Rangi ya mafuta nyekundu, njano na nyeupe, na brashi.
- Ramani ya mtaa. Tangu 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi na wakazi kuchora nyumba, mitaro na vijito vya kata nyingi za Dar, na michoro hiyo iko wazi kwa yeyote kwenye OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni. Ichapishe kubwa, iweze kutandazwa mezani.
- Watu saba au wanane. Awemo mjumbe wa shina, mama lishe anayeuza kando ya daraja, kijana anayeokota makopo mtoni (huyu anaujua mto kuliko injinia), mwashi, na mzee au bibi aliyekaa hapo miaka mingi.
- Mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji wawe wanajua. Bila muhuri wao barua zako zote ni karatasi.

Anza Agosti ukilenga vuli, au Desemba ukilenga masika. Ukianza Machi unaokoa vyombo tu, hupangi kitu.

Nadharia kidogo tu

Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Usiidharau vuli: mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu wapatao 40 jijini, yalikuja siku chache kabla ya Krismasi. Pia maji yanayokufikia si ya mvua iliyopiga bati lako peke yake. Msimbazi unaanzia milima ya Pugu, Kisarawe, na mvua ikinyesha kule juu, walio chini wanaweza kuona mto unapanda huku kwao jua linawaka. Na kwa walio karibu na bahari, kumbukeni bamvua. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu bahari hujaa zaidi. Maji ya mto yakikuta imejaa pale daraja la Salander, mto unapoingia baharini, yanakosa pa kwenda, yanatanda nyuma kuelekea Jangwani. Mvuvi yeyote atakutajia siku za bamvua bila kuangalia kitabu.

Hatua ya 1: Tembea na mto

Kamati nzima, asubuhi, mmevaa gambuti. Anzieni mpaka wa chini wa mtaa, mpande hadi mpaka wa juu, kisha mwendelee kama kilomita moja ndani ya mtaa wa wenzenu. Andikeni na kupiga picha kila kalavati, kila bomba linalokatiza mto, kila jalala la ukingoni, kila mahali kingo zinameguka, kila kivuko cha watoto wa shule. Kosa la kawaida ni kuishia kwenye mpaka wa mtaa kwa sababu "kule si kwetu." Maji hayana habari na mipaka ya serikali za mitaa.

Hatua ya 2: Tafuta alama za maji

Hii ndiyo kazi kuu, na ndiyo inayorukwa. Pita nyumba kwa nyumba uulize mafuriko makubwa wanayoyakumbuka yalifika wapi. Kwetu watu hutaja 2011, 2014 na 2018. Usikubali jibu la "yalijaa sana." Yalifika kwenye kitanda? Kwenye soketi? Kwenye dirisha? Mwombe mtu aweke kidole ukutani, kisha upake mstari mweupe na mwaka.

Angalizo: neno "fidia" likishasikika, maji hupanda kwa maneno. Niliwahi kupewa alama mbili kwenye ukuta mmoja, ya mwenye nyumba na ya mpangaji wake, zikipishana karibu nusu mita. Amini ukuta kuliko mdomo: rangi iliyobabuka, tope lililokauka nyuma ya kabati, mstari wa chumvi kwenye tofali. Linganisha na nyumba mbili za jirani.

Kisha tumia ule mpira. Mwashi ashike ncha moja kwenye alama, mwenzake aende nyumba ya pili. Maji ndani ya mpira yakitulia yatakuonyesha usawa ule ule. Kwa kuwa mto una mteremko, usivute alama moja mtaa mzima. Kila nyumba nne au tano tafuta alama nyingine. Jioni utakuwa na mstari wa mafuriko unaoonekana kwa macho, na watu wataanza kuja wenyewe kuuliza.

Hatua ya 3: Pima koo za mto

Koo ninaita mahali mto unapobanwa: kalavati, daraja dogo, ukuta uliosogezwa. Pima upana na kina cha mkondo mita kumi kabla ya koo, upande maji yanakotoka, kisha pima tundu lenyewe. Mfano: mkondo wenu una upana wa mita 3 na kina cha mita 1, yaani mita za mraba 3. Kalavati lina mabomba mawili yenye kipenyo cha sentimita 90. Bomba moja lina takriban mita ya mraba 0.64, mawili 1.27. Maana yake mto unaokuja na mita za mraba 3 unalazimishwa kupita kwenye chini ya nusu yake, hapo taka hazijaziba bado. Hesabu hii ya mistari mitatu, ikiwa na picha, ina nguvu mbele ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) au mhandisi wa halmashauri kuliko barua ya kurasa sita ya kulia.

Hatua ya 4: Paka ramani rangi tatu

Nyekundu ni nyumba ambazo maji yalizidi magoti au ukingo unameguka mlangoni. Njano ni zilizoingiwa maji chini ya magoti. Zilizobaki ziacheni nyeupe. Kwa kila nyumba nyekundu na njano andika idadi ya watu, nani mzee, nani haoni, nani amejifungua karibuni, watoto gani hubaki peke yao mama akienda sokoni. Orodha hii ni ya siri ya kamati, usiibandike ukutani.

Hapa panahitaji ukweli mchungu. Nyumba ambayo ukingo umebaki hatua tatu kutoka kwenye msingi haina mpango wowote utakaoiokoa. Mwambie mwenyewe uso kwa uso, na muwaambie wapangaji pia. Najua kuhama si jambo jepesi. Baada ya 2011 serikali iliwapa waathirika viwanja Mabwepande, na baadhi yao walirudi mabondeni kwa sababu kazi na biashara zao zilikuwa mjini. Lakini kulala hapo usiku wa Aprili ni jambo jingine kabisa.

Hatua ya 5: Uliza kabla ya kumwaga zege

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wengi wetu tumo ndani ya mita hizo, tuseme ukweli. Kwa hiyo ujenzi wowote wa kudumu mtoni uanzie halmashauri yenu, na waulizeni kuhusu NEMC (baraza la taifa la mazingira) na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Ulizeni pia kama eneo lenu limo kwenye mradi mkubwa. Bonde la chini la Msimbazi lina mradi wa uendelezaji unaogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na kuna kaya zilizolipwa zikahama. Ni uchungu kujenga ukuta Januari, greda likaja Juni.

Hatua ya 6: Chagueni kazi, nafuu kwanza

*Kusafisha mkondo.* Fanyeni mwishoni mwa Septemba na tena mwishoni mwa Februari. Kosa kubwa kuliko yote: kutoa tope na taka mkaziacha kingoni. Mvua ya kwanza inazirudisha zote, na msaragambo wenu umekuwa mazoezi ya viungo. Tafuteni kirikuu au lori la halmashauri kwanza, ndipo mtangaze siku. Gari likikosekana, ahirisheni.

*Taka.* Watu hawatupi mtoni kwa uovu. Gari la taka haliingii uchochoroni, na anayelilipia haoni likija. Kwetu kilichosaidia ni vijana wawili wenye guta, siku mbili kwa wiki, wakipeleka hadi barabarani gari linapopita, kila kaya ikichangia kidogo. Mabango ya "Usitupe taka hapa" hayajawahi kumzuia mtu saa mbili usiku.

Kuna wanaoweka chekeche la nondo mbele ya kalavati. Ni wazo zuri kwa sharti moja: awepo mtu wa kulisafisha kila mvua ikikatika, tena analipwa. Chekeche lisilo na mtu linaziba kwa saa moja na kuwa bwawa.

*Kingo.* Pandeni nyasi za vetiva au mabingobingo mvua zinapoanza. Vetiva iwekwe kwa mistari inayokatiza mteremko, miche ikiachana sentimita 10 hadi 15. Mapengo makubwa yanakuwa vijia vya maji. Migomba si kinga ya ukingo: mizizi yake ni mifupi, inang'oka na gogo zima linakwenda kukwama kalavatini. Bustani ya mchicha sina ugomvi nayo, maji yakija yanapita juu yake na yanakuwa na mahali pa kutandaa. Viroba vya mchanga huliwa na jua, msivihesabu kuwa ukuta wa miaka.

Mkifika kwenye gabioni, ukuta wa vizimba vya waya vilivyojazwa mawe (na sasa ndiyo zamu yake), kitako kizikwe chini ya kitanda cha mto na ncha zote mbili ziingie ndani ya udongo wa ukingo. Ukuta wetu wa kwanza ulikaa juu ya mchanga, kitako hakikuzikwa. Maji yalichimba chini kimyakimya, kisha ukapiga magoti. Na kabla ya kujenga, simama ng'ambo ya pili ujiulize maji yakigonga ukuta huu yataelekea nyumba ya nani.

Wachimba mchanga ni suala la kukaa nao chini, kwa sababu ni watoto wetu. Lakini kuchimba kunahitaji kibali, na anayechota kwenye ukingo anaiangusha nyumba ya mwenzake.

*Mabati.* Bati la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 50 linamwaga lita 5,000. Tangi la lita 1,000 haliwezi kuzikinga zote, ila nyumba 100 zenye matangi zinauchelewesha mto kwa lita 100,000, na mna maji ya kufulia. Tangi liwe tupu mawingu yakikusanyika. Lililojaa halipunguzi kitu.

*Ndani ya nyumba.* Inueni soketi juu ya ule mstari mweupe kwa sentimita 30 au zaidi. Kizingiti cha tofali mbili mlangoni, na friji juu ya matofali. Vyeti, hati ya mauziano na kadi za kliniki viwe ndani ya mfuko wa plastiki, nakala zikae kwa ndugu anayeishi mwinuko. Viroba vya mlangoni vijazwe nusu tu, mdomo ukunjwe chini, vipangwe kama tofali, kila kimoja kikikalia maungio ya viwili vya chini. Kiroba kilichojaa pomoni kinaacha mianya.

Hatua ya 7: Tahadhari na njia ya kutokea

Pakeni vipimo kwenye nguzo ya daraja, kila sentimita 25: nyeupe, njano, nyekundu. Nyekundu isiwe pale maji yanapoingia ndani ya nyumba, iwe chini yake vya kutosha watu wapate kutoka. Tafuteni rafiki mtaa wa juu wa kupiga simu mto ukipanda, na mwandike kila mara maji yamechukua dakika ngapi kufika kwenu. Kwetu ni kama dakika 40. Muda huo ndio utakaowaambia nani aanze kutolewa kwanza.

Fuatilieni taarifa za TMA, mamlaka ya hali ya hewa: angalizo ni njano, tahadhari ni rangi ya chungwa, tahadhari kubwa ni nyekundu. Chungwa ikitoka, mtu wa zamu asilale. Filimbi zigawiwe kwa wajumbe, na muombe ruhusa ya spika ya msikiti mapema.

Kisha swali ambalo kamati nyingi hazina jibu lake: mmesema watu wataenda shuleni, sawa, ufunguo wa shule anao nani saa nane usiku? Sisi tulisimama nje ya geti na watoto migongoni tukimpigia mlinzi ambaye simu yake ilikuwa imezima chaji. Sasa funguo ziko tatu, kwa watu watatu, na majina yao yako ukurasa wa kwanza wa daftari.

Fundisheni hili hadi watoto walikariri: zimeni mein swichi kabla maji hayajaingia, na msivuke maji yanayokwenda kasi. Sentimita 15 tu zinatosha kumwangusha mtu mzima. Zimamoto ni 114, polisi 112.

Hatua ya 8: Andikeni mpango wa kurasa mbili

Jedwali: kazi, mhusika, tarehe, gharama, fedha inatoka wapi. Usomwe kwenye mkutano mkuu wa mtaa, upitishwe, muhtasari ugongwe muhuri, uende Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, lakini bajeti hupikwa miezi mingi kabla. Barua ya kuomba kalavati ikifika Mei imechelewa, ifike Novemba. Kazi zenu wenyewe ziandikeni kwanza, zenye tiki. Diwani akiona mmeshasafisha na mmeshapima, anapata la kusema kikaoni.

Hatua ya 9: Baada ya kila mvua kubwa

Kesho yake, kabla tope halijafuliwa, pakeni alama mpya na mlinganishe na za zamani. Basi.

Mambo yakikwama

*Watu hawaji msaragambo.* Msiite mtaa mzima. Gaweni mto vipande vya mita 20, kila shina na kipande chake, na siku iwe Jumamosi asubuhi. Aibu ya kipande kichafu kati ya viwili safi inafanya kazi kuliko faini.

*Tumesafisha, maji bado yamejaa.* Tazameni chini, si juu. Kwa kawaida koo liko mtaa unaofuata, au siku hiyo ilikuwa bamvua. Tembeeni tena Hatua ya 1, safari hii kuelekea chini.

*Jirani amejenga ukuta ndani ya mkondo.* Msibomoe wenyewe. Pigeni picha, pimeni upana wa awali na wa sasa, mpelekeni kwa mwenyekiti akiwepo mjumbe wake. Akikataa, barua iende halmashauri ikiwa na vipimo hivyo.

*Watu wanatapisha vyoo mvua ikinyesha.* Kipindupindu huanzia hapo. Gharama ya kunyonya choo kimoja ni kubwa, ila kaya tano zikiita gari pamoja kabla ya masika, bei ya kila mmoja inashuka. Bwana afya aitwe kuzungumza, si kukamata, walau mara ya kwanza.

*Halmashauri haijibu.* Hakikisheni nakala yenu ina muhuri wa kupokelewa na tarehe. Kama haina, hamjaandika. Rudini na watu watatu, si 30, mkiwa na ile hesabu ya kalavati.

*Wapangaji wapya hawajui lolote.* Mjumbe anapomwandikisha mpangaji, amwonyeshe mstari mweupe ukutani. Kuna wenye nyumba waliopaka rangi juu yake ili chumba kipangike. Rudini mkapake tena.